Utaratibu wa dadu katika michezo ya vita ya mezani

Katika michezo ya vita inayochezwa mezani kwa sanamu ndogo za askari, dadu ndiyo huamua risasi imempata nani na kikosi kipi kimetimua mbio. Utaratibu wa dadu ni kanuni inayosema zirushwe dadu ngapi, zenye nyuso ngapi, na jibu lisomwe vipi. Mtunzi akikosea hapo, sanamu hata zikipakwa rangi vizuri namna gani, vita vitakosa ladha.

Dadu moja haipendelei namba yoyote. Yenye nyuso 6, ukimwongezea mpigaji alama moja umemwongezea nafasi kwa takriban asilimia 17, na hizo ni nyingi mno. Kwa dadu ya nyuso 20 nyongeza hiyohiyo ni asilimia 5 tu, kwa hiyo silaha nyingi zinaweza kutofautiana kidogo kidogo.

Dadu mbili za nyuso 6 zikijumlishwa, mambo hubadilika. Zinaweza kuanguka kwa njia 36: jumla ya 7 ina njia 6, ya 12 ina moja tu. Kupima ujasiri wa kikosi, mimi hupenda hii. Wakongwe wanaohitaji 5 au zaidi hushindwa mara 6 kati ya 36, basi siku wakikimbia meza nzima hushtuka.

Kisha kuna kurusha dadu nyingi kwa mkupuo na kuhesabu zilizofaulu, kama katika Warhammer 40,000, mchezo uliotolewa na Games Workshop ya Uingereza mwaka 1987. Tuseme risasi 18 zinalenga kwa 3 au zaidi: kwa wastani 12 zinapata. Zinajeruhi kwa 4 au zaidi: zinabaki 6. Adui mwenye deraya anajiokoa kwa 3 au zaidi: zinapenya 2. Dadu 36 zimerushwa kwa majeraha mawili!

Hesabu hiyo ingeweza kufupishwa: kila risasi ina nafasi 1 kati ya 9. Lakini mrusho wa mwisho ni wa anayeshambuliwa. Anaokoa watu wake kwa mkono wake mwenyewe, hakai tu akiwaokota waliokufa. Kwa askari kumi kumi kila upande, nisingeuondoa kamwe. Kwa vikosi arobaini ningeukata bila kusita, maana jioni itakwisha kabla ya zamu ya tatu.