Ukolezi wa dawa na mauaji ya bakteria

Aliyesahau kidonge cha mchana mara nyingi hutaka kumeza viwili jioni ili kufidia. Idadi ya vidonge italingana, lakini kwa baadhi ya antibiotiki saa zilizopita bila dawa hazilipiki kwa kuongeza wingi. Sababu ni ukolezi.

Dozi ni kile unachomeza. Ukolezi ni kile bakteria anachokutana nacho: miligramu ngapi za dawa zimo katika lita moja ya damu au ya majimaji mengine ya mwili. Watu wawili wakimeza kidonge kilekile cha miligramu 500, ukolezi unaweza kutofautiana kwa sababu ya uzito, figo na mahali ugonjwa ulipo. Penisilini nyingi hukolea sana kwenye mkojo kuliko kwenye damu. Ndani ya jipu dawa hupenya kwa taabu, ndiyo maana usaha hutolewa kwanza.

Kiasi gani kinatosha? Maabara hupanga vichupa vyenye majimaji ya lishe, kila kimoja kikiwa na dawa maradufu ya kilichotangulia: miligramu 0.25, 0.5, 1, 2, 4 kwa lita. Bakteria hutiwa katika vyote. Kesho yake vichupa vyenye dawa kidogo vimechafuka kwa bakteria waliozaana, na kuanzia mahali fulani majimaji ni maangavu. Kichupa cha kwanza kilicho angavu ndicho kipimo kinachoitwa kiwango cha chini cha kuzuia. Kuzuia, si kuua: chukua tone la kichupa hicho, lipande pasipo dawa, na huenda bakteria wakaota tena. Ili maabara iseme dawa imeua, lazima iwe imemaliza asilimia 99.9. Katika bakteria milioni moja, hao ni wote isipokuwa elfu moja.

Kutoka hapo antibiotiki hugawanyika kwa tabia. Amoksilini na ndugu zake wa jamii ya penisilini huvuruga ujenzi wa ukuta wa bakteria, kwa hiyo humpata bakteria akiwa kazini anajenga. Ukolezi ukishafika kama mara nne ya kiwango cha kuzuia, kuongeza dawa hakuharakishi sana mauaji. Mwaka 1948 mtafiti Harry Eagle alionyesha hata kwamba baadhi ya bakteria hufa polepole zaidi penisilini inapozidi mno! Kinachohesabika ni muda ambao dawa iko juu ya kiwango cha kuzuia. Kwa penisilini, takribani nusu ya muda kati ya dozi na dozi.

Tufanye hesabu. Amoksilini hupungua kwa nusu kila baada ya saa moja hivi. Tuseme kileleni ukolezi ni 8, na kiwango cha kuzuia ni 0.5. Itashuka 8, 4, 2, 1, 0.5: saa nne. Ukimeza maradufu, kilele kinakuwa 16, nawe umejipatia saa moja tu ya ziada. Dozi hizohizo mbili zikimezwa kwa kupishana zingekupa saa nane.

Mwili huitoa penisilini upesi kiasi kwamba mwaka 1941, kule Oxford, polisi Albert Alexander alipotibiwa kwa dawa hiyo ikiwa bado haba, madaktari waliikusanya kutoka kwenye mkojo wake na kumrudishia. Alipata nafuu, dawa ikaisha, akafariki.

Jentamaisini ni mnyama mwingine kabisa. Hiyo huua kwa kishindo: kadiri kilele kinavyopanda ndivyo bakteria wanavyokufa haraka, na hutakiwa kifike mara 8 hadi 10 ya kiwango cha kuzuia. Ikishuka, waliobaki hukaa wameduwaa kwa saa kadhaa kabla ya kuanza kuzaana tena. Zaidi ya hapo, figo na masikio huumia zaidi dawa isipopata nafasi ya kushuka. Kwa hiyo wagonjwa wengi huchomwa dozi moja kubwa kwa siku. Siprofloksasini na vankomaisini hupimwa kwa jumla ya dawa mwilini kwa saa 24, yaani urefu wa kilele na muda kwa pamoja.

Sasa tazama maandishi ya "kutwa mara tatu". Neno kutwa lenyewe, nadhani, ndilo linalotupoteza, kwa kuwa husemwa mchana kutwa na usiku kucha. Mtu humeza saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 1 jioni, kisha bakteria wanaachiwa saa 12 za usiku. Kama ni amoksilini ya kila saa 8, saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku zinakaa vizuri zaidi. Ukisahau moja, imeze mara ukumbukapo. Ikiwa inayofuata imekaribia, iache iliyopita na uendelee na ratiba, bila kumeza mbili pamoja.