Vijana wa Kusini na Katiba: matatu yanayosemwa vijiweni

Korosho zikikaribia kuvunwa, vijiwe vya Masasi na Nachingwea, kusini mwa Tanzania, huongea siasa kuliko bei. Mengi ni kweli. Haya matatu siyo.

“Mkutano wa kijiji ni wa wazee.”
Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inasema kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe. Na mkutano huo una meno: kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini yake. Kijana anayelalamika kwamba hana pa kupanda mikorosho, huku eneo la kijiji likigawiwa mwekezaji, alikuwa na haki ya kunyoosha mkono kukataa. Wengi siku hiyo wako kwenye bodaboda, na siwalaumu, hesabu ya bosi haingoji. Lakini muhtasari unasainiwa na waliokuwepo. Ubunge nao hausubiri mvi, Katiba inataka miaka 21 tu. Kinachobana zaidi ni sharti la kudhaminiwa na chama.

“Tusubiri Katiba mpya.”
Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 iliahirishwa, na wanaoisubiri wanazidi kuuacha ujana. Katiba ya 1977 imekwisha kurekebishwa mara 14, na hata bila kuiandika upya inafanya kazi mahakamani: 2016 Mahakama Kuu, kisha 2019 Mahakama ya Rufani, ziliamua kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti kuolewa chini ya miaka 18 vinakiuka Katiba. Maandishi mapya peke yake hayatoshi pia. Sheria ya Baraza la Vijana ilipitishwa 2015, miaka ikapita baraza lenyewe halipo.

“Asilimia kumi ni zawadi ya diwani.”
Tangu 2018 ni lazima kisheria: kati ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4% ni ya vijana, 4% wanawake, 2% wenye ulemavu. Hutolewa kama mikopo: haina riba, ila inarudishwa. Huku kwetu mapato hayo yanategemea sana ushuru wa korosho, kwa hiyo mkulima akiuza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mfumo rasmi, mfuko wa vijana nao unapungua. Mikopo ilisimamishwa 2023, ikarejea 2024. Pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, mkiwa kikundi kilichosajiliwa.