Njia ya Oregon ni Nini?

Njia ya Oregon ni njia ya nchi kavu iliyotumiwa na walowezi wa Marekani katikati ya karne ya 19 kutoka Mto Missouri hadi Bonde la Willamette, Oregon, karibu na Bahari ya Pasifiki. Walisafiri kwa magari ya mbao yaliyokokotwa na maksai. Urefu wake ulikuwa kama kilomita 3,500, na safari ilichukua miezi minne hadi sita. Ukijumlisha matawi yake ya kwenda California na Utah, watu walioipita wanakadiriwa kuwa kati ya 300,000 na 400,000, wengi wao katika miaka ya 1840 hadi 1860.

Usiwaze barabara iliyochongwa. Katika sehemu kubwa ya safari hapakuwa na daraja wala mtu wa kutengeneza palipoharibika. Kwenye tambarare magari yalitawanyika, mengine yakipita mbali na mengine ili kukwepa vumbi, kisha yote yakabanana tena kwenye vivuko vya mito na kwenye mapito ya milimani. Mahali palipopata maji, malisho na ardhi ambayo gurudumu lingeweza kupita, hapo ndipo palipokuwa njia. Katika hayo matatu, mimi naona malisho ndiyo yanayoeleza historia yake vizuri zaidi, kwa sababu injini ya msafara wote ilikuwa mnyama anayekula nyasi.

Nyasi ndizo zilizopanga kalenda. Misafara iliondoka Independence au St. Joseph, katika jimbo la Missouri, mwishoni mwa Aprili au mwezi Mei, baada ya nyasi mpya kuota. Aliyetangulia mno aliwaua wanyama wake kwa njaa. Aliyechelewa alikuta waliomtangulia wamemaliza malisho, na mbele yake theluji inakaribia kufunga milima. Kwa hiyo wasafiri walijitahidi kufika kwenye mwamba wa Independence Rock, Wyoming, kufikia tarehe 4 Julai, siku ya uhuru wa Marekani. Kundi la Donner, watu 87 waliokuwa wakielekea California mwaka 1846, lilifuata njia ya mkato iliyosifiwa na Lansford Hastings, likapoteza wiki kadhaa, na theluji ikalinasa kwenye milima ya Sierra Nevada. Karibu nusu yao walikufa, na baadhi ya walionusurika walikula nyama ya maiti.

Nyasi pia ndizo zilizoamua mnyama wa kufunga nira. Farasi alihitaji nafaka, na nyumbu alikuwa na kasi lakini bei yake ilikuwa kubwa. Maksai alikwenda polepole, akavumilia, akashiba nyasi za porini, na bei yake ilikuwa nafuu. Jozi mbili au tatu zilitosha kukokota gari lenye sanduku la urefu wa mita tatu hivi na upana wa mita moja na robo, juu yake turubai lililopakwa mafuta lisipenyeze mvua. Mzigo ulifika kama tani moja, sehemu kubwa ikiwa chakula: unga, nyama ya nguruwe ya chumvi, maharage, kahawa, matunda makavu. Nafasi ya watu ilibaki kidogo, na gari lenyewe lilitikisa mifupa, hivyo wengi walitembea kwa miguu kutoka Missouri hadi mwisho, watoto wakiwemo. Mwendo wa kawaida ulikuwa kilomita 24 kwa siku. Maksai walipoanza kuchoka, vitu vilitupwa njiani: majiko ya chuma, makabati, vitabu.

Njia ilifuata Mto Platte kwa wiki nyingi kupitia Nebraska ya leo. Miti ilikuwa haba, kwa hiyo watu walipikia mavi makavu ya nyati. Walipita mnara wa mawe wa Chimney Rock, kisha Fort Laramie, kituo cha biashara ya ngozi kilichonunuliwa na jeshi mwaka 1849. Baada ya hapo walipanda hadi South Pass. Bila pengo hili la Milima ya Rocky, magari yasingefika Oregon. Lina urefu wa mita 2,260 hivi kutoka usawa wa bahari, lakini ni pana na mteremko wake ni mpole kiasi kwamba wasafiri wengine hawakutambua mara moja kuwa wamevuka kilele cha bara. Wenyeji asilia walilijua tangu zamani. Robert Stuart, mfanyabiashara wa ngozi, alilipita mwaka 1812 akitoka magharibi, na Jedediah Smith alilipita tena mwaka 1824. Upande wa pili kulikuwa na Mto Snake, Milima ya Blue, na hatimaye Mto Columbia, ambako magari yalipakiwa kwenye vyelezo vya magogo na kuteremshwa mtoni. Wengi walizama huko. Mwaka 1846 Samuel Barlow alifungua barabara ya kulipia kuzunguka Mlima Hood, na wengi wakaona ni heri kulipa.

Mwaka 1836 wamishonari Marcus na Narcissa Whitman, pamoja na Henry na Eliza Spalding, walifika eneo la Oregon kwa nchi kavu, na kufika kwa wanawake hao wawili kuliwafanya wengi waamini kwamba familia nzima inaweza kusafiri. Mwaka 1843 walikwenda karibu watu 1,000 kwa msimu mmoja. Mwaka 1846 Marekani na Uingereza, zilizokuwa zikiishika Oregon kwa pamoja, ziligawana kwa mkataba. Dhahabu ilipopatikana California mwaka 1848, idadi ya wasafiri ilipanda ghafla, na kifo kikapanda nayo.

Sinema zimetuzoesha magari yaliyojipanga duara huku mishale ikiruka. Duara lilikuwepo, lakini kazi yake kubwa ilikuwa zizi la wanyama usiku. Muuaji mkuu alikuwa kipindupindu, hasa kuanzia 1849 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1850. Watu walipiga kambi pale pale walipolala wa jana, kwa sababu maji na malisho yalikuwa hapo, wakanywa maji yaliyochafuliwa na waliowatangulia. Mtu aliamka mzima asubuhi na kuzikwa jioni. Wengine walizama vivukoni, wengine walikanyagwa na magurudumu, na bunduki zilizofyatuka kwa bahati mbaya ziliua wengi pia. Hesabu inayokubalika na wanahistoria wengi ni kwamba kati ya 1840 na 1860 wenyeji asilia waliwaua walowezi wapatao 360 njiani, na walowezi wakawaua wenyeji zaidi ya 400. Hizo ni roho nyingi, lakini ni sehemu ndogo ya maelfu waliokufa.

Wenyeji hao ndio waliowavusha wasafiri mitoni, waliowaonyesha njia na kuwauzia samaki aina ya samoni. Nchi ya Wapawnee, Walakota, Wacheyenne, Washoshone na Wacayuse haikuwa tupu hata siku moja. Mfugaji yeyote wa Kajiado au Monduli anaelewa maana ya maelfu ya ng'ombe wageni kupita kila mwaka kwenye malisho yako na kuondoka pakiwa vumbi. Nyasi za kando ya Platte ziliisha na nyati wakahama. Mwaka 1851, karibu na Fort Laramie, serikali ilisaini mkataba ulioahidi malipo ya miaka 50. Baraza la Seneti likaipunguza hadi miaka 10. Mwaka 1854 ng'ombe mmoja wa msafiri Mmormoni alipotelea kwenye kambi ya Walakota, akachinjwa. Chifu Conquering Bear alijitolea kulipa. Luteni John Grattan akaja na askari 29 kumkamata aliyechinja, wakafyatua risasi, chifu akapata jeraha lililomuua, na Grattan na askari wake wakauawa. Vita vya miaka mingi vilianzia hapo.

Kwa Wacayuse, msafara ulileta surua. Mwaka 1847 ugonjwa huo uliua sehemu kubwa ya watu wao karibu na misheni ya Whitman, na baadhi yao wakaamini kwamba Whitman, aliyekuwa daktari, anawaua kwa makusudi. Whitman, mkewe na wengine zaidi ya kumi waliuawa. Mwaka 1850 Wacayuse watano walinyongwa mjini Oregon City.

Mwaka huohuo wa 1850 Bunge la Marekani lilitunga sheria ya kugawa ardhi Oregon: ekari 320 kwa mwanamume mweupe asiyeoa, 640 kwa mume na mke. Ardhi iligawiwa kabla ya mikataba na wenyewe. Watu weusi hawakuruhusiwa kupata. Sheria ya mwaka 1844 ilikuwa imekwisha kuwaamuru waondoke Oregon, la sivyo wachapwe viboko. George Bush, mlowezi mwenye asili ya Kiafrika aliyefika mwaka huo na familia yake, alivuka kaskazini ya Mto Columbia, na mwaka 1845 yeye na wenzake wakaanzisha makazi ya Tumwater, katika jimbo la Washington la leo. Kifungu cha katiba ya Oregon kilichowazuia watu weusi kuingia kilifutwa mwaka 1926.

Reli ya kuvuka bara ilikamilika tarehe 10 Mei 1869, na safari ya miezi ikawa ya siku. Ezra Meeker, aliyepita kwenye njia hiyo mwaka 1852, aliirudia kwa gari la maksai mwaka 1906 akiwa mzee wa miaka 75, akisimamisha mawe ya kumbukumbu ili isisahaulike. Mwaka 1978 Bunge liliitangaza kuwa njia ya kihistoria ya taifa. Leo, karibu na Guernsey, Wyoming, magurudumu yameacha mifereji ndani ya mwamba yenye kina kinachokaribia mita moja na nusu. Anayetaka kusikia upande wa waliopitiwa aende karibu na Pendleton, Oregon, kwenye makumbusho ya Tamástslikt, yaliyofunguliwa mwaka 1998 na yanayoendeshwa na Wacayuse, Waumatilla na Wawalla Walla wenyewe.