Picha Iliyozaliwa Mezani kwa Sonara

Mwaka jana niliketi na kidani cha dhahabu cha Kiingereza, kazi ya katikati ya karne ya 19, chenye kifuniko na kioo. Chini ya kioo palikuwa na kibamba cha fedha kinachong'aa mno. Sura haikuwemo. Mwenyewe alinieleza kuwa picha ilikuwa imeanza kufunikwa na weusi pembezoni, akampelekea fundi, fundi akaitoa, akaichovya kwenye dawa ya kusafishia fedha na kuifuta kwa pamba. Weusi uliondoka, na sura nayo ikaondoka.

Mimi ni sonara wa kukarabati vito vya kale, na jambo hili huniuma kila ninapokutana nalo, kwa sababu fundi yule aliiona fedha akaitendea kama fedha. Hakukosea kuiona. Dagereotipi, picha ambayo utengenezaji wake ulitangazwa Paris Agosti 1839, ni kazi ya sonara tangu mwanzo. Bamba la shaba huvikwa fedha, husuguliwa mpaka unajiona ndani yake, kisha hufukizwa kwa mvuke wa iodini ili lihisi mwanga. Likitoka kwenye kamera hufukizwa tena, safari hii kwa mvuke wa zebaki. Palipopigwa na mwanga, zebaki hushikana na fedha na kuacha chembechembe nyeupe. Chembe hizo ndizo sura yenyewe, nazo zimekaa juu juu kama vumbi. Mwaka 1840 mwanafizikia Mfaransa, Fizeau, aliongeza hatua ya kuimwagia picha maji yenye chumvi ya dhahabu na kuipasha moto. Ikawa imara zaidi, lakini pamba bado huimaliza.

Hata mabamba yalitoka kwa watu wetu. Christofle wa Paris, wanaojulikana kwa vyombo vya mezani vya fedha, waliyatengeneza na kuyapiga mhuri. Ukiona namba 40 kwenye ukingo, maana yake fedha ni sehemu moja katika arobaini. Nausoma mhuri huo kama ninavyousoma wa bangili.

Kwa hiyo picha kuingia kwenye kidani, pete na pini ya kifuani ilikuwa hatua fupi. Zamani mahali hapo palikaliwa na picha ndogo za rangi zilizochorwa juu ya pembe za ndovu, na wenye nazo walikuwa matajiri.

Vito navyo viliingia ndani ya picha. Mpakaji rangi aligusa mkufu wa bibi aliyepigwa picha kwa unga wa dhahabu, na penye almasi alidonoa bamba kwa ncha ya sindano ili limetemete. Tena, dagereotipi hugeuza kushoto kuwa kulia. Ukiiona pete ya ndoa mkono wa kulia, usiharakishe kusema ni desturi ya kwao.

Lakini ninachokipenda kuliko vyote kiko nyuma. Geuza vidani vingi vya wakati ule utakuta nywele: zimesukwa, zimekunjwa, zimefungwa chini ya kioo cha pili. Prince Albert alipofariki tarehe 14 Desemba 1861, malkia Victoria alivaa vito vya msiba, vyenye picha na nywele za mumewe, na Waingereza wengi wakafuata desturi hiyo. Kwa maoni yangu, watu wale hawakuona picha inatosha. Picha iliwapa sura ya marehemu; nywele zilikuwa yeye mwenyewe, kitu kilichowahi kuota kichwani pake, nacho sasa kinalala kifuani pa anayemlilia.

Kidani kile nacho nilikigeuza. Upande wa nyuma haukuwa umefunguliwa. Msuko wa nywele za kahawia ulikuwa mzima, umefungwa kwa uzi wa dhahabu. Nilisafisha kioo kwa nje, nikakaza ukingo uliolegea, nikamrudishia mwenyewe bila kukifungua.