“Kompaila haikulalamika, basi flagi inafanya kazi”

Kazi yangu ni kuchukua programu za C na C++ zilizozaliwa kwenye mashine moja na kuzifanya zijengeke kwingine: Debian, FreeBSD, macOS, Windows, vibodi vya ARM. Miradi inayoletwa kwangu ikiwa imevunjika hutofautiana kwa mengi, lakini nikiuliza flagi (chaguo inazopewa kompaila, yaani programu inayogeuza kodi kuwa lugha ya mashine) zilipimwaje, jibu huwa lile lile: “Tuliijaribu, kompaila ikarudisha 0, tukaiweka.” Nimelisikia mno, na nataka tulimalize leo.

Kurudisha 0 maana yake ni kwamba faili limekompailika. Hakusemi kwamba flagi imeeleweka. Fungua terminali (dirisha la kuandika amri) uone mwenyewe kwa GCC, kompaila huria inayotumika sana:

gcc -Wno-hii-haipo -c jaribio.c; echo $?

Flagi za -W huwasha maonyo ya kompaila, za -Wno- huyazima, na hiyo nimeibuni sasa hivi. GCC itarudisha 0 bila neno lolote. Ondoa “no-”, andika -Whii-haipo, na GCC hiyo hiyo itagoma papo hapo kwa kosa. Huu si mdudu (kosa la programu). Wenye GCC wameuandika utaratibu huu kwenye mwongozo wao: flagi ya -Wno- isiyojulikana hupita kimya, isipokuwa kompaila ina onyo au kosa jingine la kutoa. Wamefanya hivyo ili mradi unaozima maonyo mapya uendelee kujengeka kwenye GCC ya zamani.

Sasa ona madhara yake. Onyo la -Wstringop-truncation liliingia GCC 8, mwaka 2018. Mradi unapima -Wno-stringop-truncation kwenye GCC 7, unajibiwa “ndiyo”, na wote wanaridhika. Baadaye mtu anaacha kigezo kisichotumika mahali fulani, onyo la kweli linatoka, na pamoja nalo yanatoka malalamiko ya flagi isiyojulikana. Yule mtu anaacha kosa lake na kuanza kufukuza flagi ambayo haikuwahi kufanya kazi. Nimeona watu wazima wakipoteza wiki hapo.

Dawa ni fupi: pima umbo chanya (-W), tumia umbo hasi (-Wno-). Hivi ndivyo inavyoandikwa kwenye CMake, zana ya kuandaa ujenzi wa programu:

check_c_compiler_flag(-Wstringop-truncation INA_STRINGOP)
if(INA_STRINGOP)
  add_compile_options(-Wno-stringop-truncation)
endif()

Meson, zana nyingine ya aina hiyo, inafanya ubadilishaji huu yenyewe ndani ya get_supported_arguments. CMake haifanyi, kwa hiyo ni juu yako.

Clang, kompaila ya mradi wa LLVM, nayo ina tabia yake. Ukiipa -Whii-haipo inatoa onyo kwamba haiijui, kisha inaendelea na kurudisha 0. Skripti ya shell inayotazama namba tu itaandika “yes” bila kusita. Wakati wa kupima ongeza -Werror=unknown-warning-option, inayogeuza onyo hilo kuwa kosa, na kwa flagi za kuharakisha kodi ongeza -Werror=ignored-optimization-argument, maana Clang hupokea flagi kadhaa za GCC, kama -fprefetch-loop-arrays, kisha ikazipuuza kwa onyo. Kwenye Windows, cl, kompaila ya Microsoft, huandika onyo D9002 kwamba inapuuza flagi isiyoijua, na ujenzi unaendelea kama kawaida. Mtu anayeitikia “ndiyo” kwa kila swali hajajibu hata moja, na kompaila zote tatu ziko hivyo, kila moja kwa namna yake.

CMake inajitahidi, kwa sababu haitazami namba pekee. Inasoma pia maneno yaliyotoka na kutafuta malalamiko inayoyafahamu, D9002 ikiwemo. Lakini mbele ya kimya cha GCC hakuna cha kusoma.

Kwa hiyo nawasisitizia wote ninaofanya nao kazi: kila kipimo cha flagi kipewe pia flagi ya uongo. Kikijibu “ndiyo” kwa kitu kisichokuwepo, kimeharibika, na majibu yake mengine yote yatupwe. Ni mistari miwili tu. Sijaona sababu ya kuiacha.

Imani nyingine hazinichoshi kiasi hicho, lakini zinavunja miradi vilevile.

“Nitaangalia jina na toleo la kompaila.” Clang hujitambulisha kwa makro ya __GNUC__ (jina ambalo kompaila huliwekea thamani ya toleo) kuwa GCC 4.2.1, na Clang ya Apple ina namba zake zisizofuata za LLVM. Jedwali la matoleo huanza kuoza siku unayoliandika. Uliza flagi yenyewe. Namba ya toleo ina kazi moja halali, nayo ni kukwepa mdudu unaojulikana kwenye toleo fulani.

“Nimepima flagi zote kwa kitanzi.” Kwenye CMake matokeo hubaki kwenye kache kwa jina la kigezo. Ukitumia kigezo kimoja kwa flagi kumi, umepima ya kwanza tu, na tisa zimerithi jibu lake. Kila flagi ipewe kigezo chake.

“Tunaweka -Werror kwenye CFLAGS tangu mwanzo, tuko makini.” -Werror hugeuza kila onyo kuwa kosa, na CFLAGS ni orodha ya flagi za C anazoweka anayejenga. Vipimo vya configure, skripti inayokagua mfumo kabla ya ujenzi, ni vijiprogramu vilivyoandikwa ovyo, mara nyingi vina vigezo visivyotumika. Ukivibana kwa -Werror vinashindwa kwa makosa yao wenyewe, na skripti inatangaza kwamba mfumo hauna fanksheni ambayo ipo. Iwashe baada ya vipimo kuisha. Hata usipoiweka, Clang 16 ya 2023 na GCC 14 ya 2024 zimeshageuza kuita fanksheni isiyotangazwa kuwa kosa, kwa hiyo vipimo vya zamani visivyo na heda (faili zinazotangaza fanksheni) vinaleta “no” za uongo. Ukiona “no” usiyoitarajia, fungua config.log, au CMakeConfigureLog.yaml kwa CMake 3.26 na kuendelea, usome kosa lenyewe kabla ya kuandika kiraka. Naomba sana jambo hili.

“Ikikompailika, imetosha.” -fsanitize=address, inayokagua makosa ya kumbukumbu, inahitaji pia maktaba yake wakati wa kuunganisha. Kipimo cha Autoconf (zana inayotengeneza skripti za configure) kinachokompaili tu kitasema “ndiyo”, kisha linka, programu inayounganisha, ianguke kwa kukosa maktaba hiyo, libasan, ambayo Fedora huiweka kwenye kifurushi chake pekee. Kwenye CMake mambo ni kinyume: kipimo huunganisha, na usipoitaja flagi hiyo ndani ya CMAKE_REQUIRED_LINK_OPTIONS pia, utaambiwa “hapana” na kompaila inayoiweza kabisa. Nayo -D_FORTIFY_SOURCE=2, inayoongeza ukaguzi wa usalama, hukubaliwa na kompaila yoyote, kwa kuwa ni makro tu. Bila flagi ya kuharakisha kodi, -O1 au zaidi, hailindi chochote.

Na -march=native, inayoiambia kompaila itengeneze kodi kwa ajili ya prosesa ya mashine inayojenga. Kwenye GCC na Clang za prosesa za Intel na AMD itapita kila kipimo, kwa sababu kweli kompaila inaijua. Kisha programu inapelekwa kwenye seva yenye prosesa ya zamani na kufa kwa “Illegal instruction”. Hakuna kipimo cha flagi kitakachokuokoa hapo, kwa kuwa mashine iliyopimwa siyo itakayoendesha. Iondoe kwenye faili za ujenzi. Anayejua programu itaendeshwa wapi ataiweka mwenyewe kwenye CFLAGS, na kazi yako ni kuhakikisha faili zako hazizifuti hizo CFLAGS zake.