Destroya ya kusindikiza haikuwa "msindikizaji"

Nimekuta tena mtu kaandika kwamba Take, manowari ya Wajapani ya Vita vya Pili vya Dunia, ilikuwa "meli haribifu ya kusindikiza", halafu akamalizia kwamba ilikuwa msindikizaji tu, kama ile timu inayoenda Afcon kusindikiza wenzake. Hapana jamani, maneno yote mawili hapo yamekaa vibaya.

Kwa kifupi destroya ya kusindikiza ni manowari ndogo, ya kujengwa harakaharaka, inayotembea na msafara wa meli za mizigo na askari ili nyambizi na ndege zisiuguse. Za Japani ni za aina ya Matsu, na Take ni mojawapo, zilianza kuingia kazini 1944, zilikamilika 18, zote zina majina ya miti, Matsu ni msonobari na Take ni mwanzi.

Sasa hilo neno destroya, ambalo huyo mtu kalitafsiri "haribifu". Mwishoni mwa karne ya 19 kulikuwa na maboti madogo ya topido (bomu linalosafiri ndani ya maji) yanayovizia manowari kubwa, Waingereza wakaunda meli ya kuyaangamiza hayo maboti na jina lilikuwa refu, likitaja maboti yenyewe, baadaye watu wakalikata ikabaki "destroyer", yaani angamizi, peke yake, ndo maana leo mtu anadhani kazi yake ni kuharibu chochote inachokutana nacho. Wajapani wanasema kuchikukan: kuchiku ni kufukuza, kan ni manowari. Kufukuza! Ukilinda shamba ngedere wakija unawafukuza, hukwenda pale kuwinda, umekaa pale kwa sababu ya mahindi.

Na Take kwenye makaratasi ya Wajapani ilikuwa kuchikukan tu, hilo la kusindikiza wameliongeza waandishi wa nje kwa sababu ya kazi yake. Sisi mgeni tunamsindikiza mpaka njia panda tunarudi. Take ilitakiwa ifike na mzigo.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1944, ghuba ya Ormoc huko Ufilipino, Take na destroya mwenzake iliyoitwa Kuwa walikuwa wameleta meli tatu za kupeleka askari na vifaa kisiwa cha Leyte. Destroya tatu za Marekani zikaingia. Kuwa ikazama. Take ikaachia topido, moja ikaipiga katikati USS Cooper, mojawapo ya zile za Marekani, ikakatika vipande viwili ikazama chini ya dakika moja, wakafa Wamarekani 191. Hapo kwenye kuizamisha Cooper ndo watu wanapopaka rangi, lakini kazi yenyewe ilikuwa kulinda, na zile meli tatu za askari hazikuzama usiku ule, na Take yenyewe imepigwa, injini moja imekufa, ikajikokota mpaka Manila. Iliweza kwa sababu Matsu zote zilipangwa boila (tanuri la mvuke wa kuendesha injini), injini, halafu tena boila, injini, ukipiga chumba kimoja upande wa pili unaendelea kusukuma.

Kwa hiyo ndugu yangu ukiandika tena, weka "manowari ya kulinda msafara". Ukipenda kubaki na kusindikiza sawa, ila hilo la Afcon liondoe.