Ardhi oevu ikikauka haijafa

Kwenye kozi za mazingira vyuoni kwetu Uganda siku hizi kila ardhi oevu "imekufa". Mwanafunzi anapita bondeni Februari, anakuta nyasi za kahawia na ng'ombe wanachunga, basi anarudi na ripoti ya msiba. Wenzake wanamkubalia kwa kichwa, na mara nyingine hata mhadhiri anamkubalia.

Maana yenyewe haina mzozo. Sheria ya mazingira ya Uganda inasema ardhi oevu ni eneo linalofurika maji muda wote au kwa msimu, ambalo mimea na wanyama wake wamezoea hali hiyo. Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, uliosainiwa katika mji huo wa Iran mwaka 1971 na Uganda ikajiunga 1988, umepanuka zaidi: maji matamu au ya chumvi, ya kudumu au ya muda, ya asili au yaliyotengenezwa na watu. Kwa kipimo hicho hata majaruba ya mpunga ya Doho, kule Butaleja, yanaingia. Tusikae sana hapo.

Ninachotaka tukitazame ni yale maneno matatu ambayo wasomaji huyaruka: "au kwa msimu".

Nadhani lawama ni ya Kampala. Aliyekulia karibu na vinamasi vya jijini kama Nakivubo au Lubigi ameshazoea mafunjo marefu kuliko mtu, magimbi pembezoni na tope ambalo halikauki hata jua liwake vipi. Akisikia ardhi oevu, ndicho anachokiona. Lakini nenda mashariki, kwenye mabonde yanayoingiza maji Ziwa Kyoga. Huko sehemu kubwa ni mbuga za nyasi: mvua zikikolea unavuka kwa kukunja suruali, zikiisha watu wanafunga mifugo palepale. Bonde hilo halina ugonjwa wowote. Linapumzika tu, na mwaka ujao litajaa tena.

Utajuaje basi, kama maji hayaonekani? Chukua jembe. Chimba shimo la kufika magotini na utazame kuta zake. Udongo wa mlimani kwetu ni mwekundu, kila mtu anaujua, unaganda kwenye viatu. Hapa utakuta wa kijivu, wakati mwingine unaelekea ubluu, na ndani yake madoadoa ya rangi ya kutu yamefuata njia za mizizi kama mishipa. Pengine na harufu ya yai bovu.

Sababu yake ni chuma. Maji yakijaa udongoni hewa inakosa pa kukaa, na oksijeni iliyobaki inaliwa haraka na bakteria. Ikiisha, bakteria wengine wanaendelea na maisha kwa kutumia chuma badala yake. Chuma hicho kinageuka, kinayeyuka, kinahama na maji, na wekundu wa udongo unaondoka nacho. Pale ambapo mzizi umeingiza hewa kidogo, chuma kinashika kutu, ndiyo yale madoadoa. Furiko la siku mbili haliwezi kupaka rangi hiyo. Inahitaji misimu mingi ya kujaa na kukauka. Kwa hiyo udongo unatunza kumbukumbu ya maji hata katikati ya kiangazi.

Madalali wa viwanja wanaijua siri hii vizuri kuliko wanafunzi wangu. Ndiyo maana wanapenda kumpeleka mteja kiangazi: "Zamani ilikuwa swampu, sasa pamekauka, jenga tu." Katiba ya 1995, kifungu cha 237, imeziweka ardhi oevu mikononi mwa serikali kama mdhamini kwa niaba ya wananchi wote, na haikusema "zile zenye maji leo". Mwaka 2014 baraza la mawaziri liliamua kwamba hati za ardhi zilizotolewa humo baada ya 1995 zifutwe. Mteja aliyenunua kwa kutazama nyasi kavu hana cha kujitetea.

Sasa, kuna mabonde yaliyoharibiwa kweli, wala sitaki mtu aondoke akidhani napaka rangi mambo. Takwimu za serikali zinaonyesha ardhi oevu zilishuka kutoka asilimia 15.6 ya nchi mwaka 1994 hadi asilimia 8.9 mwaka 2019. Lakini hizo hazikupotea kwa jua la Februari. Kuna zilizochimbiwa mifereji, kama mabonde ya Kigezi, kule kusini-magharibi, ambako mafunjo yaliondolewa tangu enzi za mkoloni na leo ni malisho na viazi. Kuna zilizofukiwa kwa maramu, lori kwa lori, mpaka ukuta ukasimama juu yake. Hayo ni mambo mawili tofauti. Iliyochimbiwa mfereji mara nyingi inaweza kurudi ukiuziba mfereji. Iliyofukiwa inakudai kwanza uondoe vifusi, na nani atalipa?

Hapa jembe peke yake halitoshi, maana ule ukijivu hubaki miaka mingi hata baada ya maji kuondolewa. Udongo utakwambia maji yalikuwepo. Hautakwambia kama bado yanakuja. Ni lazima utafute mfereji, utazame mimea, umuulize mama anayelima pembeni mara ya mwisho maji yalifika wapi na mwezi gani.

Kwa hiyo, ndugu mwanafunzi, ukileta picha ya bonde kavu, andika chini yake umeipiga mwezi gani. Kama hukuona mfereji wala kifusi, liite ardhi oevu ya msimu. Ukiuona mfereji, piga picha mfereji, halafu useme bonde limekaushwa. "Imekufa" tuiache kwanza.